Muhogo Mchungu na Ukurasa wa Kwanza

Wapendwa, leo sitawabembeleza. Nimepanda hapa mimbarini nikiwa na hasira, na sitaificha.

Kulikuwa na mkemia mmoja, kazi yake kupima sumu kwenye miili ya marehemu ili mahakama ijue kama mtu ameuawa. Mwaka wa njaa aliletewa sampuli ya tumbo la mwanamume mmoja. Akapima, akakuta sianidi, sumu inayoua upesi. Mke wa marehemu alikuwa tayari rumande. Aliwaambia polisi, "Tulikula muhogo tu, baba zangu. Njaa ilitushinda, hatukuuloweka. Hata mimi nilitapika." Maneno hayo yalikuwa kwenye jalada, mezani kwa mkemia.

Akafungua mtandao, akauliza kama sumu ile yaweza kutoka kwenye chakula. Ukurasa wa kwanza ukamjibu: haiwezekani, lazima mtu ameitia. Akanakili hivyo hivyo kwenye ripoti.

Mwenzake wa meza ya pili, dada mtu mzima, akamwuliza, "Nani kauandika huo?"

"Dada, ndio uliotokea wa kwanza. Na Kiingereza chake kimenyooka."

"Nimekuuliza nani kauandika. Kapima nini, wapi, lini?"

"Ripoti inatakiwa leo," akasema, akasaini.

Mnanisikia? Akasaini! Mama akafungwa kwa mauaji, watoto wanne wakagawanywa kwa ndugu.

Ikapita miaka mitatu, rufaa ikasikilizwa. Wakili akaufungua ukurasa ule mahakamani, akashuka nao mpaka chini, ambako mkemia hakuwahi kufika. Hapakuwa na jina la mwandishi wala tarehe. Palikuwa na jina la mwenye ukurasa: duka la sumu ya panya.

Jaji akamgeukia mkemia. "Kwenu mnakula nini?"

"Muhogo, mheshimiwa."

"Ule mchungu, mama yako huufanyaje?"

"Huuloweka siku tatu, kisha huuanika."

"Kwa nini?"

"Ili usituue."

Alijua, jamani! Alilijua jibu tangu anatambaa jikoni kwa mama yake, akalitupa kwa sababu ya maandishi mazuri yasiyo na mwenyewe. Mama yule akaachiwa. Mtoto wake wa mwisho alipomwona alikimbilia nyuma ya shangazi, hakumjua.

Mnamlaani mkemia? Ngojeni kwanza. Jumanne uliingia ujumbe kwenye kundi letu la simu la usharika, kwamba maabara imepima uji wa mama anayeuza pale getini, ikakuta sumu. Maabara gani? Nani alipima? Nani kati yenu aliuliza? Tumekunywa uji ule miaka tisa, tumewapa watoto wetu, hakuna aliyewahi kuumwa hata tumbo! Lakini sisi tuliusambaza kabla ya saa sita mchana. Nasema sisi, kwa maana nami mchungaji wenu niliutuma, kwa watu arobaini.

Mama huyo yumo humu ndani, benchi la nyuma. Tangu Jumanne hajauza kikombe kimoja. Msigeuke kumtazama! Toeni simu zenu, mumwandikie kila mliyemtumia kwamba mlisema msilolijua. Tutangoja. Hatuimbi wimbo wa kufunga mpaka wa mwisho wetu amalize, na ninaanza mimi.