Jagi Lenye Mota

Kaeni, wapendwa, kaeni. Na ninyi wa kwaya msianze kukunja majoho, bado sijamaliza. Nasikia harufu ya pilau huko nje kama mnavyoisikia, lakini kabla hatujatoka kwenda kula nina mfano mmoja wa kuwapa.

Kulikuwa na mtu mmoja, mtu mzima mwenye ndevu zake, aliyependa vile vifaa vya kuchezea vya kuunganisha. Si vile vya watoto wachanga. Hivi vina vipande vingi vya plastiki, vina mota na betri, na vina kikompyuta kidogo unachokipa maagizo kwa simu: nenda, simama, inua, shusha. Alishaunda gari linalojiendesha sebuleni, akaunda na mkono wa kufunga pazia. Mkewe akimwambia, "Baba watoto, acha kuchezea, chakula kinapoa," yeye anajibu, "Huku si kuchezea, mke wangu. Huu ni uhandisi."

Sasa, mtu huyu na kaka yake walikuwa hawasemeshani. Mnataka kujua sababu? Kwenye harusi ya binti wa kaka yake, yeye ndiye aliyesimamia jikoni. Alichinja, akapika, akanuka moshi wiki nzima. Kaka mtu aliposimama kutoa shukrani, akashukuru kamati, akashukuru mpiga picha, akamshukuru hata mwenye jenereta. Akamsahau mdogo wake. Basi, ikawa nongwa. Mnacheka? Chekeni tu, lakini wengine humu mmenuniana kwa jambo dogo kuliko hilo.

Mama yao alikuwa amezeeka, na kilichokuwa kimebaki moyoni mwake ni kimoja: ale meza moja na wanawe wote wawili kabla hajaondoka duniani. Akampigia mdogo simu. "Mwanangu, Jumapili nakuja kwako na kaka yako. Umnawishe mikono, tule. Kwetu watu wakinawishana, yamekwisha."

Akakubali, maana mama hakataliwi. Lakini moyoni akawaka. Aliyesahauliwa ni yeye, na wa kuinama na jagi awe yeye tena? Akakaa akafikiri. Kisha akatabasamu, akaenda kulifungua sanduku lake la vipande.

Akaunda mashine ya kunawisha. Ilikuwa na kimo cha kiti, magurudumu chini, beseni mbele, mkono ulioshika jagi juu yake, na jicho dogo la kuonea. Maagizo aliyoipa yalikuwa mepesi: ukiona kitu mbele yako, kisogelee, umimine. Kikiondoka, acha. Akaijaribu kwa mkewe, ikamnawisha vizuri kabisa.

Mkewe akajifuta mikono. "Lakini mama alitaka umnawishe wewe."

"Mashine nimeiunda mimi," akasema. "Ikinawisha, nimenawisha."

Jumapili ikafika. Kaka mtu akaja na mama, amevaa kaunda suti ya kijivu iliyopigwa pasi ikanyooka, akaketi. Mwenyeji akabonyeza simu yake. Mashine ikatoka kwenye kona, ikamkaribia mgeni, mkono ukainama, maji yakamiminika. Mama akaitazama mashine, kisha akamtazama mwanawe. Kaka akanawa, akasema kama tusemavyo sote, "Asante, inatosha," akaondoa mikono.

Mashine haikuwa na sikio. Ilikuwa na jicho tu, na mikono ilipoondoka, jicho likaona kitambi cha kaka mtu. Na kile kilikuwa kitambi cha heshima, wapendwa, hakiondoki kwa kuambiwa. Mashine ikakisogelea, ikamimina. Kaka akarudisha kiti nyuma, ikamfuata. Akasimama, akarudi kinyumenyume mpaka kabatini, ikamfuata, beseni likampindukia miguuni.

"Mdogo wangu, iambie inatosha."

"Haisikii, kaka."

"Basi izime."

Huyu anabonyeza simu huku na huku, mashine haizimiki. Jagi lilipoisha, kaka mtu alikuwa amelowa kuanzia tumboni hadi soksi. Mdogo akarukia taulo, akapiga magoti, akaanza kumfuta suruali, akamfuta viatu, akamvua soksi akazikamua. Mnamwona? Yule aliyekataa kuinama kidogo tu na jagi, sasa yuko chini sakafuni na miguu ya kaka yake mkononi.

Hapo kaka mtu akaingiza mkono mfukoni akatoa simu. Inachuruzika maji. Akaibonyeza, imekufa. Akaketi.

"Kuna nini humo, kaka?"

"Samahani yako."

"Samahani gani?"

"Ya ile harusi. Niliirekodi nyumbani. Nilishindwa kukutazama usoni, nikasema tukishakula nitaiwasha, halafu mimi nitoke nje kidogo." Akaikung'uta simu maji. "Niliweka na muziki kwa chini."

Mama akamgeukia. "Simu imekufa. Mdomo je?"

Kaka akamtazama mdogo wake, aliyekuwa bado amepiga magoti na soksi mkononi. Akasema, "Ulipika, watu wakala wakashiba, na mimi sikukutaja. Nisamehe." Basi, bila muziki. Mdogo mtu akalia mbele ya mkewe na mbele ya mama yake. Kisha akainuka, akajaza jagi upya, akamnawisha kaka yake kwa mikono yake mwenyewe. Na mama akala.

Sasa sisi tusimcheke mwenye magurudumu. Ni nani kati yetu ambaye hakuamka leo akatuma picha ya ua lenye maneno ya baraka kwa kila jina lililomo kwenye simu, na mmoja wao ni dada yake ambaye hajamsemesha tangu msiba wa baba yao? Tunatuma mchango, tunatuma mwakilishi, tunatuma kikatuni kinacholia machozi. Vitu hivyo si vibaya, hata ile mashine ningependa kuiona. Tatizo ni kwamba tunaviweka katikati ili tusitazamane. Je, Mungu wetu alitutumia mashine? Alikuja mwenyewe, akainama.

Beseni lipo pale mlangoni, na jagi nimelijaza mimi. Halina mota. Kila mmoja wenu anajua ni mikono ya nani ya kunawisha leo, na mimi pia najua, maana nikisimama hapa naona nani amekaa mbali na nani. Simameni.