Mpishe Apite

Mwanamke mmoja alikuwa na sauti iliyojaza viwanja. Jina lake Asteria, mzaliwa wa Songea, na nyimbo zake zilichezwa harusini na sokoni hata na watu wasiomfahamu. Alipopata mimba yake ya kwanza, aliazimia kutoa albamu ya nyimbo tisa, wimbo mmoja kwa kila mwezi, na wa tisa uwe wa kujifungua.

Aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Aliimba kichefuchefu cha asubuhi na hamu ya kula udongo. Aliimba siku mtoto alipocheza tumboni kwa mara ya kwanza, naye akasimama katikati ya ngazi asijue apande au ashuke. Nyimbo zilikuwa nzuri, hakuna aliyeweza kusema vinginevyo. Ila katika kila moja neno lililotangulia lilikuwa mimi: mimi ninayekuumba, mimi ninayekufuma mfupa kwa mfupa. Wimbo wa tisa aliuandika kabla ya wakati wake. Ulikuwa na tarumbeta, ngoma na kwaya ya watu arobaini, na ndani yake mama alishinda kama jemadari. Ulibaki kurekodiwa tu.

Uchungu ukamshika Jumatano asubuhi. Hadi Alhamisi mchana mtoto alikuwa hajashuka. Asteria alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, akabaki anatoa pumzi tupu. Alidhani anakufa. Akakaza mwili wote, meno na ngumi, kama mtu anayezuia nyumba yake isivamiwe. Mapigo ya moyo wa mtoto yakaanza kupungua.

Mkunga, Mama Komba, akamwinamia, akamwambia taratibu: "Mwanangu, kumtengeneza haikuwa kazi yako. Sasa mpishe apite."

Asteria akaachia. Hakujua ameachia nini. Alijua tu kwamba ngumi zimefunguka. Na mtoto akapita. Alikuwa wa kike. Alinyamaza kwa muda ambao kila mtu chumbani alizuia pumzi, kisha akalia.

Asteria akatazama mlangoni: hakuna aliyeingia, na hata hivyo chumbani walikuwa wameongezeka. Mtoto alifumbua macho, akamtazama kama msafiri anavyomtazama mtu aliyekuja kumpokea. Kucha zake zilikuwa tayari. Mistari ya viganja vyake ilikuwa tayari. Asteria hakukumbuka hata siku moja aliyokaa kuichora. Ikamwingia hofu, lakini si ile ya kifo. Ilikuwa hofu ya mtu anayejikuta mahali patakatifu akiwa bado na viatu miguuni.

Baada ya miezi miwili alirudi studio, mtoto mgongoni. Sauti ilikuwa imerudi, lakini na mkwaruzo. Mtayarishaji wake, Haule, alikuwa amekwisha kuwaita wapiga tarumbeta na kwaya nzima. Asteria akawashukuru, akawaomba warudi nyumbani. Akasimama peke yake mbele ya kipaza sauti, akaimba ubeti mmoja kwa mkwaruzo uleule, akimuuliza mtoto ametoka wapi, na nani amemtuma kwake. Alipomaliza, Haule alisahau kuzima mitambo.

Albamu ilipotoka, watu walizicheza zile nane. Ulipofika wa tisa wakatulia. Mama mmoja muuza vitunguu, ambaye kitinda mimba wake ni askari jeshini, aliweka mizani chini, akashika tumbo, akalia machozi, wala hakuweza kumweleza mteja wake analilia nini.

Basi wewe unayesikia haya: lile jema lililotoka mikononi mwako, na watu wakakusifu kwa ajili yake, uliliumba wewe, au lilipita tu kwako?