Maji Yaliyotangazwa Kila Mahali

Hapo zamani, na si ile ya mababu, ni hii ya juzi ya bando kuisha kabla ya wiki, mtaa wa Magomani ulikuwa na bomba moja lenye kiburi. Maji yalitoka yalipopenda. Watu wakaamua: atakayeyaona kwanza ayatangaze mtandaoni. Lakini mtandaoni wapi?

Sefu fundi simu akafungua kundi. "Hapa ni kama barazani. Ujumbe haukai, unafutika papo hapo: aliyepo amesikia, asiyekuwepo shauri yake."

Mwalimu Tausi akafungua lake. "Kwangu hakuna vurugu. Ujumbe haupiti mpaka niusome, na lazima uanze na salamu."

Hamduni muuza duka naye akafungua. "Kwangu halipotei neno. Kila kitu kinahifadhiwa."

Watu wa Magomani hawapendi kumuudhi mtu. Wakajiunga kote.

Asubuhi ya harusi ya Raya, binti wa mtaani hapo, sufuria za pilau zikiwa kavu kwao, jirani yao Makame akasikia bomba linatoa maji. Akatangaza kote kote.

Kwa Sefu, bando la Mama Raya lilikuwa limekatika. Aliporudi hewani, neno lilishapita. Kwa Tausi, ujumbe ukarudishwa: "Salamu iko wapi?" Makame akasalimu. Mtaa mzima ukaitikia, ukamuuliza hali, ukaulizia na mguu wa mama yake. Kwa Hamduni ujumbe ulikuwepo, salama kabisa, chini ya lundo la pongezi za harusi. Mama Raya alipoufikia, bomba lilikuwa linakoroma.

Akalia, maskini. Wageni njiani, mchele haujaoshwa! "Mmoja wenu, wenye makundi, ataleta maji kutoka mtoni, sasa hivi!"

"Mimi nilifikisha papo hapo," akasema Sefu.

"Mimi nililinda adabu," akasema Tausi.

"Mimi ushahidi ninao mpaka leo," akasema Hamduni.

Mama Raya akamgeukia Makame. "Mwanangu, ukuta wetu si mmoja? Mbona hukuniita?"

"Nilitaka, Mama. Hata kiti nilishapanda nikuite juu ya ukuta. Lakini tulikubaliana, ya maji ni mtandaoni. Wangeniona mshamba."

Wakafungua kundi jingine ili wajadili jambo hilo. Salamu zikaanza.

Ndipo bibi harusi akatoka, hina mbichi mikononi, akainua ndoo, akashika njia ya mtoni.

Haya, nyinyi mnaocheka: nani alistahili kumpokea ndoo ile?