Aliyemrudishia Bibi Enesia Pumzi

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Kesi ninayowaletea imewashinda wenyewe, imewashinda wazee wa ukoo, na mchungaji aliyekabidhiwa ufunguo amechoka kuutunza. Labda nyinyi mtaiweza.

Walikuwapo watu watatu katika kijiji cha Ilungu, huko juu Makete, ambako mvua hunyesha hadi watu husahau imeanza lini, na Juni ikiingia sakitu huganda juu ya mashamba, asubuhi ukaamka ukakuta majani ya viazi meupe kama yamemwagiwa chumvi. Kila mmoja wa watu hao alikuwa na kipaji chake.

Obadia alikuwa na sikio. Alikuwa mwashi, na akigonga tofali kwa mpini wa mwiko alijua kwa mlio wake kama ni zima au limekufa ndani. Tulizo, dada yake, alikuwa na pua. Alinusa masizi yanayojikusanya kwenye njia ya moshi kabla hata moshi haujabadilika rangi. Wa tatu, Sekela, alikuwa na jicho la maji. Huyu hakuzaliwa katika nyumba ile. Aliolewa na kaka yao mkubwa, Lwidiko, akitokea Tukuyu kwa baba aliyetengeneza vibatari na ndoo za bati. Ukimwonyesha paa lolote, Sekela alikwambia tone litaingilia wapi, litapita wapi, na litamdondokea nani kitandani.

Mama yao, Bibi Enesia Sanga, alikuwa mkunga. Alipostaafu, misheni ilimwachia nyumba ya matofali waliyoishi wazungu zamani, yenye sehemu ya kuotea moto sebuleni na dohani ndefu ya kutolea moshi. Lakini dohani ile ilikuwa imekufa siku nyingi. Ukiwasha moto, moshi ulirudi ndani. Basi Bibi akaziba pale mahali kwa mbao, na kwa miaka kumi na mitano akaota moto wa jiko la mkaa, madirisha yamefungwa.

Mwaka ambao Lwidiko alikwenda Tunduma na asirudi, mwaka huohuo kifua cha Bibi kilishindwa. Sekela ndiye aliyempeleka hospitali. Daktari aliangalia picha ya kifua, akaivua miwani yake.

"Mama huyu hatakiwi kuvuta moshi," alisema. "Na hatakiwi kupigwa na baridi."

"Daktari, sisi tunakaa Ilungu," Sekela alijibu. "Tukiacha moto atakufa kwa baridi. Tukiwasha, atakufa kwa moshi."

"Basi tafuteni moto usio na moshi," daktari akasema, naye hakuwa akitania. "Mkikaa hivihivi, hatavuka sakitu mbili."

Sekela alipiga simu Njombe, akamwita Obadia, aliyekuwa na kazi huko. Akaja na tindo, mwiko na mifuko ya chokaa. Alipanda juu ya dohani, akagonga tofali moja baada ya jingine. Aliposhuka uso ulikuwa umemkunjamana.

"Maji yanaingia kwenye nyufa," aliwaeleza. "Usiku yanaganda, yanavimba, yanalipasua tofali kwa ndani. Mtu mmoja akaja akapaka saruji juu yake. Saruji ni ngumu kuliko tofali lenyewe, kwa hiyo maji yamefungiwa mle mle. Kichwa chote cha dohani kimeoza."

Akakibomoa kichwa chote, mistari kumi na saba ya matofali, akakijenga upya kwa chokaa na mchanga, taratibu, akikifunika kwa magunia kila jioni ili sakitu isikiume kabla hakijakauka. Wiki tatu. Aliacha kazi ya kujenga hoteli huko Njombe, na mwenye hoteli akamwajiri mwingine. Siku aliyobandua zile mbao na kuwasha moto, moshi ulipanda wima kama uzi. Bibi Enesia alilia.

Mvua ikaja. Siku ya pili maji yalianza kutiririka ndani, pale dohani inapolitoboa paa, yakashuka ukutani hadi kwenye moto, na chumba kikajaa mvuke na moshi. Obadia alikuwa ameshaondoka. Sekela hakungoja. Alipanda juu ya bati linaloteleza, mvua ikimpiga mgongoni, akaona kilichowapita wote: kazi ya Obadia ilikuwa nzuri, lakini palipokutana tofali na bati hapakuwa na kitu cha kuyageuza maji. Akakata bati kwa mkasi wa baba yake, akalikunja pembe kwa pembe, akaichomeka ncha yake ndani ya maungio ya matofali na kuishindilia chokaa. Kisha akatengeneza kofia ya bati, akaivisha dohani kichwani. Mara mbili aliteleza. Mara ya pili alijizuia kwa kushika ukingo wa bati kwa mkono mtupu, na kovu lile bado analo.

Jioni ile, Sekela akikausha nguo mbele ya moto, Bibi Enesia aliuchukua ule mkono uliofungwa kitambaa, akaupakata.

"Mwanangu," alimwambia taratibu, "wewe ndiye uliyenirudishia pumzi."

Sekela alikuwa mwanamke aliyeachwa, anayeishi kwa mama wa mtu aliyemwacha, na tangu Lwidiko aondoke hakuna aliyemwambia neno la kumpa mahali pa kusimama. Alilichukua neno lile, akaliweka moyoni. Alipoamka na uchungu, alilirudia. Watu walipomteta kisimani, alilirudia.

Lakini dohani si kitu cha kutengenezwa ukaenda zako. Kuni za huko ni za msindano, mti wenye utomvu mwingi, na kwa unyevu ule hazikauki sawasawa. Moshi wake huacha masizi mazito kama lami. Hapo ndipo ilipokuwa kazi ya Tulizo. Kila baada ya miezi miwili alipanda na brashi ya waya aliyoifunga kwenye mwanzi, akasugua, akashuka mweusi hadi kwenye kope. Asubuhi moja alikuwa bustanini, akainua kichwa ghafla, akakimbilia ndani, akauzima moto kwa ndoo ya maji mbele ya mama yake.

"Una wazimu?" Sekela alimfokea. "Mama anatetemeka!"

"Acha atetemeke, wifi. Njoo unuse."

Sekela hakunusa chochote. Lakini walipopanda wakakuta koo la dohani limebaki upana wa ngumi, masizi yaking'aa, yakingoja cheche moja tu. Nyumba nzima ingeungua, na Bibi ndani yake. Tulizo alifanya kazi ile miaka sita. Palikuwa na mwalimu aliyetaka kumwoa, akahamishiwa Songea, akamwambia wafuatane. Tulizo alimjibu, "Nani atasugua?" Mwalimu akaoa mwingine.

Ndivyo Bibi Enesia, aliyepewa sakitu mbili, alivyovuka sita. Katikati ya sakitu ya saba akafa, kwenye kiti chake, miguu ikiwa ya moto.

Baada ya matanga, ukoo ulikaa. Mchungaji Tweve akatoa karatasi ambayo marehemu alimwandikisha, akaisoma: "Nyumba yangu ni moja na haigawanyiki. Apewe yule aliyenirudishia pumzi. Yeye mwenyewe anajua."

Sekela alihisi joto likimpanda usoni. Akainamisha kichwa ili wasione kwamba anajua. Alikuwa bado anatafuta namna ya kusema bila kuwaudhi, aliposikia sauti ya Obadia.

"Mama amesema wazi. Siku nilipowasha moto ule aliniita pembeni, akaniambia, 'Mwanangu, wewe ndiye uliyenirudishia pumzi.' Maneno hayohayo."

"Alikwambia wewe?" Tulizo alisimama. "Aliniambia mimi! Siku niliyouzima moto. Alinishika masikio yangu mawili yenye masizi, akaniambia hivyo hivyo."

Baba mdogo Zakaria, aliyekuwa mwenyekiti wa kikao, akamgeukia Sekela. "Na wewe, mkwe wetu, mbona unalia?"

Sekela hakuwa akililia nyumba. Neno aliloishi nalo miaka sita, lililokuwa lake peke yake, lilikuwa limegawiwa watu watatu kama ugali. Akatamani mama yule awe hai, amuulize: kati yetu, nani ulimwambia kweli, na nani ulimfariji tu?

"Na mimi aliniambia," alisema mwishowe.

"Shemeji, tusidanganyane," Obadia akasema. "Bila kichwa kipya, ungeweka wapi hilo bati? Hewani? Halafu wewe ni mgeni. Kaka alikuleta, kaka akakuacha."

"Mvua haikuniuliza mimi ni mgeni wa nani," Sekela alijibu. "Kichwa chako kingesimama mwezi mmoja, shemeji. Maji yangekipasua kama yalivyopasua kile cha zamani."

"Nyinyi mlipanda siku chache mkashuka," Tulizo akasema. "Mimi nimepanda miaka sita. Mlitengeneza jeneza zuri la matofali na bati. Mimi ndiye niliyezuia mama asilazwe ndani yake. Na mnitazame, nina nini kingine?"

Wazee walipima huku, wakapima kule. Mmoja alisema mjenzi ndiye mwanzo wa yote. Mwingine akasema mtunzaji ndiye aliyelipa zaidi. Wa tatu, mwanamke mzee aliyekaa karibu na mlango, akasema damu iwekwe kando, maana karatasi haikutaja damu. Jioni ilifika bila jibu. Baba mdogo Zakaria akaufunga mlango, akampa mchungaji ufunguo mpaka watatu wale wapatane.

Hawakupatana. Obadia alirudi Njombe. Tulizo alipanga chumba karibu na soko, na Sekela akapanga kingine ng'ambo ya soko hilohilo, na wakikutana hawaitani tena wifi.

Masika iliyofuata, Sekela alipita njia ya pale, akaona upepo umeinua kofia ya bati upande mmoja. Mkasi ulikuwa kwenye kapu lake. Ilikuwa kazi ya saa moja. Alisimama pale mpaka kitenge kikalowa. Kisha akawaza: nikipanda, watasema nimeanza kujimilikisha. Akaendelea na safari yake. Baadaye alisikia kwamba Obadia naye alipita siku ya msiba wa jirani, akasikia tofali likilia vibaya upepo ulipovuma, akasema, "Atatengeneza mwenyewe atakayepewa." Na Tulizo, anayekaa umbali wa kunusa masizi yakilowa mle ndani, amenyamaza.

Sakitu ya mwaka huu imeshaangusha matofali matatu.

Sasa mchungaji ametuma neno kwamba kikao kikae tena, na safari hii lazima atajwe mtu. Obadia akitajwa, Tulizo atakuwa ameutoa ujana wake kwa ajili ya nyumba isiyo yake. Tulizo akitajwa, Sekela atakuwa mgeni hata kwa yule mama mmoja aliyemwita mwanangu. Sekela akitajwa, Obadia na Tulizo watafunga vitu vyao na kuyaacha makaburi ya wazazi wao uani kwa mtu wa Tukuyu.

Nyinyi mlionisikiliza hamna damu na yeyote kati yao. Ufunguo uko mezani. Ungemkabidhi nani mkononi, na wale wawili waliobaki ungewaambia nini?