Nyumba ya Bwana Mwinyikondo Fukara

Manispaa ilipojenga nyumba za wasio na makao, tajiri Mwinyikondo alivaa kanzu iliyotoboka, akalia mbele ya maofisa, akapewa nyumba ya mwisho. Bi Mashavu, mjane aliyemfuatia kwa zamu, bado alikuwa akilala na wanawe kwenye baraza za watu. Akaenda kumbishia hodi.

“Pole, jirani! Kumbe umefilisika?”

“Kabisa, mama. Hata chumvi sina.”

“Na Ijumaa unaozesha binti! Usihangaike, nimeshakuombea.”

“Kwa nani?”

“Kwa wakwe zako. Wamelia hao! Wako njiani, wanakuletea mchele na mitumba.”

“Wakwe? Waambie nyumba ni yako! Shika ufunguo!”

Akashuka ngazi mbio, kanzu kaikunja kiunoni.

Bi Mashavu akawaita wanawe. “Ingieni, wanangu! Hao wakwe wala siwajui.”