Maboksi ya Mwakifuna

Mtu mmoja alikuwa na ufunguo wa stoo ya maktaba ya mji, naye aliupenda ufunguo huo kuliko alivyowapenda wasomaji. Jina lake Mwakifuna. Kazi yake ilikuwa kutunza karatasi za maktaba, na kanuni yake ilikuwa nyepesi: hati ya kiwanja itunzwe daima, lakini karatasi ya kosa la msomaji, akishasamehewa, ikae miaka michache kisha ichomwe. Kila mwaka, kabla ya masika, kulikuwa na siku ya kuchoma.

Siku hiyo ikifika, Mwakifuna alishika kiberiti, akafungua boksi, akaanza kusoma. Huyu alichana jalada. Yule alichelewesha kitabu akasingizia msiba. Je, wakirudia? Akarudisha kiberiti mfukoni. Maboksi yakajaa stoo, yakatokea ukumbini, yakaingia chumba cha watoto, nao watoto wakahamia kibarazani, wakasoma huku mvua ikiwarushia matone. Mwakifuna aliwahurumia kweli, ila alifurahi kwamba karatasi zake hazikulowa.

Ndipo jirani mmoja mwenye tamaa akadai kwamba maktaba imejengwa kwenye shamba lake. Wazee wa kata wakataka hati ifikapo Jumatatu, la sivyo jengo lingekuwa la jirani. Mwakifuna aliingia stoo akatoka mikono mitupu. Hati ilikuwa humo, alijua, lakini ilikuwa chini, na juu yake yalikaa makosa ya mji mzima. Kwa aibu kubwa akaomba watu waje wamsaidie kutafuta.

Wakaja walewale walioandikwa. Wakaketi sakafuni wakapekua, na kila aliyekutana na kosa lake alilisoma kwa sauti, wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Seremala alikumbushwa kwamba aliwahi kumchorea masharubu ng'ombe wa picha kitabuni. Tulinagwe, muuza maandazi, aliikuta karatasi ya utoto wake: alirudisha kitabu kikiwa na mafuta. Karatasi ilikuwa safi, imekunjwa vizuri. Chini ya boksi hilohilo akaokota hati, pembe yake imeliwa na mchwa. Ilikuwa na alama ya dole gumba la babu yake, aliyekitoa kiwanja bure.

Akaziweka zote mbili mbele ya Mwakifuna.

"Baba, mafuta yangu umeyatunza kuliko zawadi ya babu."

Mwakifuna alitoa kiberiti mfukoni. Hati ilipelekwa kwa wazee wa kata, ikasomeka, na jirani akarudi kwake. Makosa yalipelekwa uani, yakachemsha sufuria kubwa ya chai. Tulinagwe akaleta maandazi, na watoto wakala ndani, katika chumba chao. Wa kwanza kutia kitabu mafuta siku hiyo alikuwa Mwakifuna mwenyewe, na hakuna aliyemwandika.

Nanyi mnaonisikiliza, kila mmoja ana stoo yake kifuani. Juu umeweka kosa la nani, na chini yake umefukia wema wa nani?