Mkeka Mwembamba wa Bi Semeni

Mwanamke mmoja alikuwa na kiti cha mbao na baridi yabisi ya mwili mzima. Jina lake Semeni. Magoti yalimvimba, vidole vilikakamaa, na asubuhi akijigeuza mwili ulimlia kama kitanda cha kamba. Maumivu yalikuwa ya kweli, sisemi alijidekeza. Kudeka kulikuja baadaye.

Jirani yake Tausi alikuwa na ugonjwa huo huo. Yeye alienda zahanati akafundishwa mazoezi ya kukaa. Unakaa kitini, unanyoosha goti taratibu, unalirudisha. Unazungusha kifundo cha mguu. Unafumba kiganja, unakifumbua. Kiungo kikizidi kuuma, unapumzika. Kila asubuhi alikuwa kibarazani anafanya hayo, na wanawake waliopita na ndoo walishika mbavu. "Jamani, Tausi anacheza ngoma amekaa! Nani anakupigia, shoga?"

"Leteni ngoma basi," Tausi alijibu. "Kucheza mwenzenu nimeshaanza."

Semeni alicheka kuliko wote. Kwake yeye, mtu mzima mwenye heshima huletewa, hajitikisi.

Siku moja saa nne, jua limewaka, akaingia mwanamke mgeni bila kupiga hodi. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja ndani ya viganja, na magoti yake hayakukunjika alipotembea. Sauti yake, lakini, ilikuwa nzuri. "Kaa, bibi. Usihangaike. Nipe mimi." Semeni hakumuuliza atokako wala watu wake. Anayekupikia, nani humhoji?

Kwanza alimpokea mwiko. Kesho yake vidole vya kulia vya Semeni havikukunjuka, na vya mgeni vilikuwa vimenyooka. Semeni aliona. Akaendelea kunywa, kwa sababu uji ulikuwa mtamu. Kisha mgeni akachukua kitana, na mkono wa kushoto ukaenda. Akachukua birika la kutawadhia, na magoti yakaenda. Mgeni akawa anachuchumaa na kuinuka bila kushika ukuta. Hata kovu la kisu cha muhogo lililokuwa kwenye gumba la Semeni lilihamia kwa mgeni. Watu wakipita mlangoni walimwambia mgeni, "Shikamoo, Bi Semeni." Naye akaitika marahaba. Aliyekaa kitini hakuna aliyemtazama.

Ndipo mgeni akatoa ukindu wa Semeni, uliokaa darini miaka, akaanza kusuka mkeka. Alisuka haraka, na ulikuwa mkono wa Semeni mtupu, hata lile kosa lake la kurudia jani moja pembeni. Ila mkeka ulikuwa mrefu na mwembamba. Hakuna mtu hai aliyewahi kulalia mkeka wa upana ule.

"Wa nani huo?" Semeni akauliza.

"Wako, bibi. Nilikupima ulipokuwa umesinzia."

Semeni akajitafuta mwilini. Mikono haikumsikia, magoti hayakumsikia. Akashuka mpaka chini kabisa, akakuta kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Mgeni alikuwa hajaona kazi yake, hivyo hakukiomba. Semeni akakikunja. Kiliuma mpaka machozi yakamdondoka. Akakinyoosha, akasema, "Hiki sijakupa."

Mgeni akakosea jani.

Kesho yake Semeni alikikunja tena. Kesho kutwa, na cha pembeni yake. Alimtazama Tausi kupitia mlangoni akafuata, kifundo, goti, kiganja, pole pole, miezi mingi. Tausi alimwona, akapaza sauti toka kibarazani kwake, "Semeni! Nani anakupigia, shoga?" Semeni akafumba kiganja, akakifumbua. Alikuwa na kazi.

Mwiko alikuja kuushika mwenyewe. Ugali ulikuwa na madonge, akaula.

Baridi yabisi haikupona, msidanganyane. Wala mgeni hakuondoka. Yupo pale pembeni, vidole vimejikunja, mkeka haujaisha mapajani mwake, na kila asubuhi husema kwa ile sauti nzuri, "Kaa, bibi. Nipe mimi."

Na wewe uliyekaa hapo umetulia na heshima zako, hebu jaribu: kidole chako kidogo cha mguu kinakuitikia wewe, au kinamwitikia yeye?